Kwa nini utamaduni wa Dar es Salaam unapimwa kwa wanawake pekee?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nichangie mjadala ambao hurudi kila mwaka, hasa msimu wa harusi unapopamba moto na picha za mabibi harusi zinaposambaa katika simu zetu. Mtu huona bibi harusi wa Kichaga au wa Kihaya amevaa sari siku ya hina, au msichana wa Kariakoo amevaa baibui la mtindo wa Dubai, au mwanafunzi wa chuo kikuu amevaa suruali ya kubana na nywele za bandia, kisha huandika kwamba wanawake wa jiji hili wameuza utamaduni wetu. Siku nyingine malalamiko hutoka upande wa pili wa jiji, pale familia ya Upanga au Kisutu inaponung'unika kwamba binti yao amezoeana mno na kijana asiye wa jumuiya yao, na kwamba asipozuiwa mapema mila za wazee zitapotea. Nimeyasoma na kuyasikiliza maneno haya kwa miaka mingi nikiwa mwalimu wa shule ya msingi wilayani Ilala, ambako darasa moja liliweza kuwa na watoto wa Kizaramo, wa Kimakonde, wa Kihindi, wa Kiarabu, wa Kisomali na wa Kingazija, na jambo moja limenielea. Katika Dar es Salaam, maswali ya rangi na utamaduni huulizwa wanawake, na wao ndio huadhibiwa majibu yao yasipompendeza muulizaji.

Msomaji kijana anayepita Mnazi Mmoja leo huona bustani, wauza kahawa na watu wanaokimbilia daladala. Kwa wazazi wetu pale palikuwa mpaka. Wajerumani walipohamishia hapa makao makuu yao kutoka Bagamoyo mwaka 1891, na Waingereza walipowarithi baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, mji uligawanywa katika kanda tatu za ujenzi. Katika karatasi za serikali kanda hizo zilielezwa kwa aina ya nyumba zilizoruhusiwa, lakini wakazi walizipa majina yaliyosema kweli, yaani Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Wazungu walikaa kando ya bahari na baadaye Oyster Bay, Wahindi wakakaa katikati ya mji na kuanzia miaka ya 1950 wakaongezewa Upanga, na Waafrika wakapewa Kariakoo na Ilala, kisha Magomeni na Temeke. Kati ya Uhindini na Uswahilini uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi ili pande mbili zisigusane. Wanaume waliuvuka uwanja huo kila asubuhi kwenda bandarini, madukani na katika majiko ya Wazungu, na hakuna aliyesema kwamba kwa kuvuka wamepoteza asili yao. Mwanamke aliyeuvuka aliulizwa anatoka kwa nani. Wafanyabiashara wa kutoka Bara Hindi na Uarabuni waliokuja bila wake walizaa na wanawake wa pwani, na mara nyingi baba aliendelea kuswali, kufanya biashara na kuzikwa miongoni mwa watu wake, ilhali mama alibaki nje ya mlango na mtoto akabebeshwa jina la chotara.

Upande wa Uswahilini wanawake walikuwa wameanza kuishi kinyume cha mgawanyo huo muda mrefu kabla ya chama chochote cha siasa. Nyumba ya Kariakoo ilikuwa na vyumba vinavyotazamana kwenye ukumbi mmoja, nyuma pana ua, jiko na choo vya pamoja, na si ajabu chumba kimoja kilikuwa na Mmanyema, cha pili Mndengereko na cha tatu Myao, na mwenye nyumba akawa mwanamke. Vikundi vya lelemama na taarabu vilichukua wanachama wa makabila yote. Bibi Titi Mohamed, aliyezaliwa jijini hapa mwaka 1926, alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha Bomba. Baada ya TANU kuanzishwa tarehe 7 Julai 1954, na yeye kukabidhiwa uongozi wa wanawake mwaka uliofuata, aliwaendea viongozi wa ngoma na kuwaomba wawakusanye watu wao. Wafanyakazi wa serikali walikuwa wamekatazwa kujiunga na chama, lakini muuza maandazi na mpika pombe hawakuwa na ajira ya serikali ya kunyang'anywa, na kwa muda mfupi wanawake kwa maelfu walikuwa wamekata kadi. Umoja tunaojivunia, wa watu wa makabila mengi wanaoelewana kwa Kiswahili, ulikuwa tayari unachezwa na kuimbwa uani kwa wanawake hao. Barabara inayopita ukingo wa Mnazi Mmoja, upande ule wa Kisutu, leo ina jina la Bibi Titi, na ninaona ni haki kabisa kwamba jina la mwanamke huyo limewekwa palepale ulipokuwa mpaka, ingawa ningefurahi zaidi kama watoto wanaolisikia kwa kondakta wangefundishwa alifanya nini.

Hata sheria ya uchaguzi ya siku hizo ilihesabu rangi. Mwaka 1958 kila mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, na katika uchaguzi huo Bi Sophia Mustafa, mwanamke mwenye asili ya Bara Hindi aliyekuwa mkazi wa Arusha, aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria akiungwa mkono na TANU. Miaka mitatu baadaye, Oktoba 1961, baadhi ya wabunge walipotaka uraia wa Tanganyika ufuate rangi ya mtu, Mwalimu Nyerere alipinga kwa ukali na akawa tayari kuuacha uongozi kuliko kukubali. Taifa likaamua kwamba rangi haitakuwa kipimo cha uraia. Mwanamke, hata hivyo, aliachwa awe kipimo cha utamaduni, na haikupita miaka mingi tukaona matokeo yake barabarani.

Wazee wenzangu watakumbuka Operesheni Vijana. Mwezi Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza kwamba kuanzia tarehe 1 Januari 1969 sketi fupi, nywele za bandia, dawa za kujichubua na nguo za kubana zitapigwa vita jijini, kwa kuwa ni mabaki ya ukoloni na ni aibu kwa utamaduni wa taifa. Tarehe hiyo haikungojwa. Makundi ya vijana yalisimamisha mabasi karibu na Kariakoo na kuwabughudhi wanawake waliovaa walivyotaka, hadi polisi wakatumwa kuwatawanya. Tangazo lilizitaja pia suruali za kubana za wanaume, lakini sijapata kusikia kwamba basi lilisimamishwa ili mwanamume akaguliwe mapaja. Nguo iliyolaumiwa ilikuwa ya kigeni, sawa, lakini suti na tai walizovaa wakubwa zilikuwa za kigeni vilevile, na hakuna aliyezitangazia operesheni.

Ninalitaja jambo hili katika gazeti kwa sababu magazeti ndiyo yaliyobeba mjadala wake. Barua nyingi ziliandikwa kwa wahariri wa wakati huo, za kuunga mkono na za kupinga, na wapo walioona mkanganyiko ambao wakubwa hawakutaka kuuona. Katika miaka hiyohiyo serikali ilikuwa ikiwashinikiza Wamasai waache lubega na kupaka mwili udongo mwekundu, wavae suruali na magauni kama watu wa kisasa. Mwanamke wa Kimasai aliambiwa kwamba vazi la mama yake linaitia nchi aibu kwa kuwa ni la zamani, na karani wa kike wa Dar es Salaam akaambiwa kwamba vazi lake linaitia nchi aibu kwa kuwa ni la kisasa. Mtu akiyaweka maagizo hayo mawili pamoja, hawezi kupata humo vazi moja la Kiafrika lililokuwa likitetewa. Kilichokuwamo ni imani kwamba mwili wa mwanamke ni mali ya umma, na kwamba kila anayejiona msemaji wa umma ana ruhusa ya kuukagua. Imani hiyo haijafutika, na hadi leo msichana aliyevaa nguo isiyowapendeza vijana wa kijiweni huzomewa stendi, na wanaomzomea husema wanalinda maadili.

Utamaduni wenyewe unaodaiwa kupotea ni upi? Tuchukue kanga, kwa kuwa hakuna anayethubutu kusema kanga si yetu. Ilianza kuvaliwa Unguja na Mombasa katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, ikitokana na leso zilizoshonwa pamoja, ikachapwa India na Ulaya kabla ya kuchapwa hapa, ikauzwa kwa sehemu kubwa na wenye maduka wa Kihindi, na miongoni mwa waliokuwa wa kwanza kuikimbilia ni wanawake waliotoka utumwani, ambao hawakutaka tena kuonekana na kaniki waliyovaa wakiwa mali ya watu. Kiwanda cha Urafiki pale Ubungo, kilichojengwa kwa msaada wa China, kilianza kazi mwaka 1968, mwaka uleule wa operesheni niliyoitaja. Mpaka leo ukienda Mtaa wa Uhuru kununua doti, utamkuta mama wa Kizaramo na muuzaji mwenye asili ya Kachi, huko India, wakibishana kuhusu rangi isiyochuja na jina linalomfaa mkwe, wote wawili wakijua wanachozungumza. Wanawake hao wawili hawaoni kwamba mmoja wao yuko nyumbani na mwingine ni mgeni, na ndivyo utamaduni wa jiji ulivyotengenezwa, kwa watu kupimiana nguo, kuonjana chakula na kuombana mkopo. Sambusa, chapati, bajia na biriani za mama ntilie zimepita njia hiyohiyo.

Mwaka jana nilikaa na binti wa kaka yangu akipakwa hina siku mbili kabla ya kuolewa, hapa Ilala. Sisi ni watu wa Upare. Mama zetu hawakupakwa hina walipoolewa. Mpakaji alikuwa binti wa Kinyaturu kutoka Singida, ambaye kazi hiyo aliijifunza katika nyumba ya familia ya Kihindi alikofanya kazi za ndani, na mkononi alikuwa na koni ya plastiki aliyoikata ncha kwa mkasi mdogo, akichora maua kutoka kiganjani hadi karibu na kiwiko bila kuinua mkono, kisha akidondoshea maji ya limau yaliyotiwa sukari ili rangi ikolee. Pembeni alikaa kungwi, mama mtu mzima wa Kizaramo kutoka Magomeni, aliyekodiwa kwa ajili ya kicheni pati, akimweleza bwana mdogo aliyeleta viti mahali pa kuvipanga. Hakuna aliyekuwa akipoteza kitu mle ndani. Binti yetu alikuwa akipewa, na waliompa walikuwa wanawake wa jiji ambao kila mmoja alipata ujuzi wake kwa mwanamke wa kabila au rangi nyingine. Wale wanaoandika kwamba bibi harusi wa namna hii ameiga wageni hawajawahi kuketi katika chumba kile.

Lakini katika chumba kilekile nilisikia jambo lililoniuma. Mmoja wa wakubwa wa familia alimwambia mpakaji, "Usimtie piko juu ya mkono, huyu mweusi, haitaonekana, wenzake weupe ndio inawakaa." Mpakaji, ambaye naye ni mweusi, akajibu kwa adabu kwamba mchoro ukiwa mnene huonekana kwa kila mtu, akaendelea na kazi. Bibi harusi hakusema neno. Aliinamisha macho akaitazama mikono yake, na mimi niliyemlea tangu utotoni niliona furaha ya siku ile ikimpungua.

Hapo ndipo suala la rangi linapowaumiza wanawake wa jiji hili hadi ndani kabisa, kuliko mahali popote pengine. Tuna lugha nzima ya kupimia ngozi ya mwanamke: huyu maji ya kunde, yule mweupe wa kupendeza, fulani mweusi tii. Kijana akitaja sifa za mchumba wake kwa wazazi, weupe hutajwa kabla ya tabia. Msichana anayekulia katika lugha hiyo hahitaji kuambiwa ajichubue, kwa maana ameshaambiwa. Pitia maduka ya vipodozi ya Kariakoo na muuzaji atakuuliza kama unataka ya kulainisha au ya kung'arisha, na ukitaja ya pili atainama chini ya meza, kwa kuwa anajua kilichomo hakitakiwi kuonekana. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini kwa miaka mingi, na Shirika la Viwango, TBS, ambalo lilikabidhiwa udhibiti wa vipodozi mwaka 2019, huteketeza shehena zinazokamatwa. Hata hivyo mkorogo unapikwa, unachanganywa na krimu za steroidi zilizotengenezwa kutibu magonjwa ya ngozi, na kuuzwa katika vikopo visivyo na jina. Zebaki huharibu figo. Steroidi hukondesha ngozi hadi kidonda kidogo kichelewe kupona. Mwanamke akishaharibika uso na vidole vikabaki na weusi kwenye viungo, walewale waliomsifu alipokuwa anang'aa humcheka kwamba hajikubali. Ningependa wanaomcheka wamtafute aliyemfundisha kujichukia, na wasimtafute mbali, kwa kuwa mara nyingi ni shangazi, mama mkwe, mwajiri, mpiga picha wa harusi, au mwenye matangazo ya biashara ambaye hawezi kumweka mwanamke mweusi mbele ya bidhaa yake.

Na wenye asili ya Asia nao wasijione wako salama katika hili, kwa kuwa katika nyumba zao pia binti mwenye rangi iliyokolea huambiwa akae mbali na jua, na posa zake huhesabiwa kwa wasiwasi. Maneno ya dharau ambayo jamii moja huiitia nyingine yapo pande zote mbili, na siyaandiki hapa kwa kuwa watoto husoma gazeti lako, ila kila mwalimu wa jiji hili ameyasikia uwanjani wakati wa mapumziko, na anajua watoto hawakuyatunga wao.

Upo uhusiano mmoja kati ya wanawake wa rangi mbalimbali ambao tunauzungumza kidogo sana, nao ni wa mwenye nyumba na dada wa kazi. Nilimfahamu binti aliyeletwa kutoka vijijini Dodoma kufanya kazi katika ghorofa moja la Upanga. Baada ya muda aliweza kusukuma chapati nyembamba kuliko mwenye nyumba mwenyewe, akajua kupima bizari kwa kiganja, na akawa anawasemesha watoto kwa Kikachi walipogombana. Watoto nao walizungumza Kiswahili chenye lafudhi ya Kigogo, jambo lililowachekesha sana walimu wenzangu. Watoto wale walimwita dada na walimlilia alipokwenda likizo. Lakini dada huyo alikula jikoni peke yake, kwa sahani na kikombe vilivyowekwa kando ili visichanganyike na vya wenyewe. Nisieleweke vibaya kwamba hili ni la Wahindi peke yao, kwa kuwa nimeiona sahani hiyohiyo ya kando katika nyumba za Waafrika wenzangu huko Sinza na Mbezi, ambako dada hulala storini na huitwa mshamba hata baada ya kuwalea watoto wawili. Mwanamke anayefundisha watoto wa jiji lugha, chakula na adabu ndiye anayehesabiwa kuwa hana utamaduni. Chama cha wafanyakazi cha CHODAWU kimekuwa kikiwapigania wafanyakazi wa majumbani kwa mikataba na mishahara ya kisheria, na sisi wanawake tulio waajiri hatuna kisingizio, maana hapa wa kulaumiwa ni sisi na hatuwezi kuwasukumia wanaume.

Niseme pia kuhusu ndoa, kwa sababu ndipo kila jamii inapoweka ulinzi mkali zaidi. Historia yetu ina doa la mwaka 1970, pale Zanzibar wasichana wanne wa jamii yenye asili ya Kiajemi walipoozwa kwa nguvu kwa wanaume wenye madaraka, na kitendo hicho kikaelezwa kuwa ni kuondoa ubaguzi. Ubaguzi hauondolewi kwa kumkamata msichana, na hofu iliyotokana na kitendo kile iliwakaza wazazi wengi wa Kiasia wazidi kuwafungia mabinti, kwa hiyo wasichana walilipa mara mbili, kwanza kwa waliodai kuvunja mipaka, halafu kwa waliodai kuilinda. Huku Bara, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliweka jamii zote chini ya sheria moja na kutaka ridhaa ya hiari ya wote wawili, na kwa hilo naiheshimu. Lakini sheria hiyohiyo iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa idhini ya wazazi wakati mvulana alipaswa kufikisha 18, na shauri lilipofikishwa mahakamani upande wa serikali ulitetea tofauti hiyo kwa hoja ya mila na dini. Mahakama Kuu iliikataa hoja hiyo mwaka 2016 na Mahakama ya Rufani ikathibitisha hukumu mwaka 2019. Hapa tena mila ilikuwa imetafutiwa mahali pa kusimama, na mahali penyewe pakawa juu ya mgongo wa mtoto wa kike.

Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 nayo inaendeleza fikra ileile. Mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mtanzania anaweza kuomba uraia kwa msingi wa ndoa hiyo, lakini Mtanzania wa kike aliyeolewa na mgeni hawezi kumpatia mumewe njia hiyo. Katika jiji la bandari kama letu, ambako wamekuwa wakifika na kukaa Wakongo, Wasomali, Wayemeni, Wangazija, na sasa Wachina, sheria hiyo inawagusa watu tunaokaa nao mtaa mmoja. Kaka akioa mgeni, anahesabiwa kuwa amemleta mtu katika familia ya taifa. Dada yake akiolewa na mgeni, anahesabiwa kuwa ametoka. Sioni tofauti kubwa kati ya fikra hiyo na ile ya mzee wa jumuiya anayesema kwamba binti aliyeolewa nje si wetu tena, isipokuwa kwamba mzee husema barazani na sheria husema kwa niaba ya kila mmoja wetu. Wabunge wetu wa viti maalumu na wa majimbo wangelifanya hili liwe la kwanza, ningewashukuru kuliko kwa hotuba zote za Siku ya Wanawake.

Katiba yetu haina upungufu wa maneno. Haki za msingi zilipoingizwa mwaka 1984, Ibara ya 13 ilikataza ubaguzi kwa kabila, mahali pa asili na rangi, na mwaka 2000 jinsia ikaongezwa katika orodha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 nayo inamkataza mwajiri kumbagua mfanyakazi, au anayeomba kazi, kwa rangi, kabila, mahali anakotoka au jinsia. Licha ya hayo tunaendelea kusoma matangazo ya kutafuta dada wa kazi wa kabila fulani kwa sababu "ni watiifu", mhudumu wa mapokezi "mwenye mwonekano mzuri na mweupe", na mchumba "asiwe mweusi sana". Matangazo hayo hayabandikwi kwenye nguzo za umeme tu. Yanachapwa, na yanalipiwa.

Kwa hiyo ombi langu, Ndugu Mhariri, ni kwa gazeti lako kwanza. Naomba mkatae kuanzia sasa kuchapa tangazo lolote la kazi au la uchumba linalotaja rangi ya ngozi au kabila la mwanamke anayetafutwa, na muwaeleze wateja wenu sababu. Naomba pia kwamba ikifika tena barua ya kulalamikia mavazi ya wasichana wa jiji, mmuulize mwandishi wake, kabla ya kuichapa, kama ana lolote la kusema kuhusu mavazi ya wanaume, na kama hana, mumpe nafasi hiyo msichana mmoja miongoni mwa wale anaowalalamikia, aeleze mwenyewe amevaa nini na kwa nini.

Wako katika kulitumikia taifa,

Mwalimu mstaafu,
Ilala, Dar es Salaam